Tumejenga Madarasa, Sasa Tuwasikilize Watoto

Hotuba ya Kamati ya Elimu iliyosomwa katika hafla ya harambee ya mwaka ya wana-Upare waishio Dar es Salaam

 

Tunamshukuru Mungu aliyetukutanisha tena tukiwa wazima. Wapo tuliokuwa nao mwaka jana ambao leo hatunao. Mungu azilaze roho zao mahali pema.

Kamati ya Elimu imepewa nafasi ya kueleza kwa nini mwaka huu hatuombi mabati wala saruji. Wengi mlipoona kadi ya mwaliko mmetupigia simu mkiuliza, "Mwaka huu tunajenga nini?" Ni swali la haki. Watu wetu ni watu wa kujenga. Wazee wetu walipiga msaragambo wakachonga barabara za milimani kwa majembe ya mkono, na shule nyingi tulizosoma zilisimama kwa mawe yaliyobebwa kichwani na mama zetu. Mpango wa kujenga sekondari za kata ulipoanza mwaka 2004, hatukusubiri kusukumwa. Na umoja huu umeendelea hivyo hivyo: tumeezeka, tumechonga madawati, tumenunua vitanda vya hosteli. Hakuna anayeweza kutuambia kwamba hatukufanya kitu.

Lakini mwaka huu tunataka kusema jambo ambalo halionekani kwa macho kama bati jipya. Tutaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe.

Jina tulilolifuta

Miaka michache iliyopita, katika orodha ya wanafunzi tunaowasaidia alikuwemo kijana mmoja wa milimani. Hatutamtaja jina wala kijiji. Ada ya sekondari ilikwisha kufutwa tangu mwaka 2016, lakini mnajua kwamba ada siyo gharama yote. Tulimlipia mchango wa chakula, sare, viatu, madaftari na godoro. Kidato cha Kwanza alifanya vizuri sana, tukamsifu hapa hapa mbele yenu.

Kidato cha Pili taarifa zikabadilika. Tuliletewa barua: mtoro, mkaidi, analala darasani, hajibu anapoulizwa. Kamati ilikaa kikao hapa Dar es Salaam, tukaisoma barua ile, tukaambiana kwamba fedha za wanachama haziwezi kupotea kwa mtoto asiyetaka shule. Kikao hakikumaliza dakika kumi. Tukapiga mstari kwenye jina lake, tukaandika jina la mtoto mwingine.

Desemba ya mwaka ule, mmoja wetu alikwenda nyumbani kuzika. Akamkuta kijana yule barabarani akiwa na mzigo wa kuni, akamsimamisha. Ndipo tukajua yaliyotokea. Mwezi Machi baba yake alikuwa amefariki Mirerani, machimboni. Mama yake alikuwa hapa hapa Dar es Salaam, akifanya kazi za ndani. Yeye alibaki na bibi mgonjwa na wadogo zake wawili. Akitoka shule anakwenda kuchota maji, anapika, anamwogesha bibi, na akikaa na daftari saa nne za usiku taa haina mafuta. Darasani analala. Akilala anachapwa. Alichapwa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mara ya nne hakwenda tena.

Ndugu zetu, hakuna aliyemuuliza, "Mwanangu, una nini?" Mwalimu hakumuuliza. Jirani hakumuuliza. Na sisi tuliokuwa tunamlipia, ambao kila mmoja wetu alikuwa na simu mfukoni, hatukumuuliza. Tulikuwa tukilipia godoro lake bila kujua kwamba hakuwa akipata usingizi.

Tulimtafuta baadaye. Alikuwa amekwenda machimboni, kule kule alikofia baba yake. Tukamwomba radhi, tukamwambia kwamba nafasi yake ipo akitaka kurudi. Akajibu kwa adabu zote: "Asanteni sana wazee, lakini mimi nimeshachelewa. Mdogo wangu anaingia Kidato cha Kwanza. Mwangalieni huyo."

Maneno hayo ndiyo yaliyotuleta mbele yenu leo.

Tulichokikuta mashuleni

Baada ya hapo kamati iliamua kwenda kuona. Mwezi Februari na Machi tulitembelea sekondari nne za kata tunazozihudumia. Hatukwenda kukagua majengo. Tulikaa na wakuu wa shule, walimu, wazazi, na wanafunzi wenyewe bila walimu wao. Tuwaeleze kwa kifupi tuliyoyakuta.

Kwanza, watoto wengi wanaishi bila baba wala mama. Siyo wote ni yatima. Wazazi wapo Dar es Salaam, Arusha, Moshi, Mirerani. Kwa maneno mengine, wazazi hao ni sisi. Mtoto ameachwa na bibi mwenye umri wa miaka 70, anayempenda lakini hana nguvu ya kumfuatilia. Simu ya baba ikilia, swali ni moja: "Umekuwa wa ngapi?" Akishajibu, imekatwa.

Pili, yapo mageto. Mtoto anayetoka mbali na shule, na hosteli haimtoshi, anapangiwa chumba kijijini. Ana miaka 14 au 15. Anajipikia, anajiamsha, anajilinda. Mwisho wa wiki anapanda mlima kwenda kuchukua unga na maharage, Jumapili anateremka. Wiki ambayo unga umekwisha Alhamisi, yupo wa bodaboda au wa dukani anayejitolea kusaidia. Msaada ule tunaujua sote unavyodaiwa. Halafu mimba ikiingia tunashangaa, tunasema mtoto hakulelewa.

Tatu, misiba. Sisi Wapare tunajua kuzika. Tunajua kukaa matanga, kuchanga, kupika. Lakini mtoto aliyefiwa huambiwa, "Usilie, wewe ndiye mkubwa sasa," na Jumatatu yuko darasani anasubiriwa alete hesabu. Wengine mnakumbuka Novemba 2009, mlima ulipoporomoka kule Goha, Mamba Miamba, ukafukia nyumba na watu wetu. Tulipeleka mablanketi na unga, na ilikuwa vyema. Lakini nani alikaa na watoto walioona ndugu zao wakifukuliwa udongoni? Wengi wao ni watu wazima leo, na ukinyesha mvua kubwa usiku hawalali.

Nne, ulevi. Tusifichane. Mirungi imo katika baadhi ya vijiji vyetu, na gongo pia. Mtoto anayetafuna mirungi ili asisikie njaa au asilale, huyo ana tatizo jingine chini ya lile tunaloliona.

Tano, na hili lilitushtua, shule yenyewe. Mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili. Anaingia Kidato cha Kwanza, masomo karibu yote yanageuka kuwa ya Kiingereza. Akikosea sentensi wenzake wanacheka, na wakati mwingine mwalimu naye anacheka. Anaamua kunyamaza. Anamaliza mwaka mzima hajafungua mdomo darasani. Msichana mmoja alituambia, "Nikiwa nyumbani mimi ni mwongeaji sana. Shuleni hawajui sauti yangu." Na yupo mwingine ambaye kila mwezi hukosa siku tatu au nne kwa sababu hana taulo za kike, anaogopa kuchafuka mbele ya wavulana. Kwenye daftari la mahudhurio ameandikwa mtoro.

Mtaona kwamba katika haya yote hakuna mtoto ambaye kosa lake la kwanza ni ukaidi. Ukaidi ndio tunaouona. Utoro ndio tunaouona. Kilicho nyuma yake hatukioni mpaka tuulize.

Malezi na unasihi ni nini

Wengine mnaweza kudhani tunaleta mambo ya wazungu. Hapana. Kwa wazee wetu kila mtoto alikuwa na mtu wa kumwendea: shangazi, mjomba, bibi, babu, somo aliyempitisha jandoni au ungoni. Yapo mambo ambayo huwezi kumwambia baba yako, ukamwambia mjomba. Maisha yakatawanyika, mjomba yuko Tegeta na shangazi yuko Ngaramtoni, na mtoto amebaki peke yake na mwalimu mwenye wanafunzi 60 darasani.

Malezi na unasihi shuleni ni kumrudishia mtoto huyo mtu wa kumwendea. Ni mwalimu aliyefunzwa kusikiliza, kutunza siri, na kujua ni lini jambo limemzidi na linapaswa kupelekwa kwa daktari, kwa afisa ustawi wa jamii au kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Ni kumfundisha mtoto kutambua hasira yake kabla haijawa ngumi, kukataa anaposhawishiwa, kuomba msaada bila kuona aibu, na kuishi na wenzake. Na ni shule nzima kuwa mahali ambapo mtoto hatishwi.

Serikali inalijua jambo hili. Wizara ina mwongozo unaotaka shule ziwe na walimu wa malezi na unasihi, na mpango wa Shule Salama ulio ndani ya mradi wa SEQUIP umelipa uzito. Tangu Novemba 2021, msichana aliyekatiza masomo kwa sababu ya mimba ameruhusiwa kurudi shule. Kwa hiyo hatuanzishi kitu kinachopingana na serikali. Tatizo ni kwamba mwongozo hauwezi kukaa na mtoto. Katika shule tulizotembelea, mwalimu wa unasihi yupo kwa jina. Hakupata mafunzo ya kutosha, ana vipindi kama wenzake, na hana chumba. Mtoto anayetaka kusema siri yake anaisemea katika ofisi ya walimu, meza ya kona, walimu wengine wakisahihisha madaftari pembeni.

Kama mnauliza, linafaa?

Tumeuliza na sisi, kwa sababu fedha ni zenu.

Shirika la Afya Duniani linasema karibu theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla mtu hajatimiza miaka 14. Huo ni umri wa Kidato cha Kwanza. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika hapa Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Watoto hao wako madarasani. Wengine ni wa kwetu.

Jirani zetu wamejaribu dawa na wamepima. Wilaya ya Luwero, Uganda, shule za msingi 42 ziliingizwa katika utafiti. Nusu zikafuata mpango wa kubadili namna walimu na wanafunzi wanavyoishi pamoja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: katika shule zilizofuata mpango, vipigo vya walimu kwa wanafunzi vilikuwa pungufu kwa asilimia 42. Hapa kwetu, Mabula Nkuba na wenzake walitoa mafunzo ya siku chache kwa walimu wa sekondari za serikali kuhusu kuishi na kuzungumza na wanafunzi bila ukatili, na utafiti wao uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha vipigo vilipungua. Kenya, kijana Tom Osborn na wenzake walitumia vijana waliomaliza sekondari karibuni, wakawafunza, wakawapa vikundi vya wanafunzi wenye huzuni na wasiwasi, vikao vinne tu, mara moja kwa wiki. Dalili zilipungua kuliko kwa wenzao waliopewa mafunzo ya mbinu za kusoma peke yake. Na Zimbabwe, tangu mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda amekuwa akiwafunza akina bibi kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu wenye mawazo mazito. Mpango ule umeshafika hadi Zanzibar.

Tunayataja haya kwa sababu moja. Hakuna hata moja lililohitaji jengo la ghorofa. Lilihitaji mtu aliyefunzwa, muda, na mahali pa kukaa. Vijana waliomaliza shule tunao. Akina bibi tunao. Walimu tunao.

Kuhusu fimbo

Tunajua wapo wazee humu ndani wanaosema kimoyomoyo, "Sisi tulichapwa, na tukawa watu." Tunawaheshimu, na wengi wetu tulichapwa pia. Lakini tuseme kweli: tuliobaki ndio tunaohadithia. Waliokimbia shule kwa sababu ya fimbo hawapo kwenye ukumbi huu kuchangia.

Hatukuja kubishana na sheria ya nchi. Kanuni zilizopo zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa kama hayupo shuleni. Tulipouliza mashuleni kitabu cha kuandikia adhabu, kuna mahali kilikuwepo na kuna mahali kilitafutwa. Walimu wenyewe walituambia kwamba wanachapa kwa sababu hawakufundishwa njia nyingine ya kutuliza darasa la watoto 60, na wengi wao nao wamechoka. Mwalimu mmoja alisema, "Nikimchapa leo, kesho ananyamaza. Keshokutwa haji." Hakutaka kusifiwa kwa kusema hivyo. Alikuwa anaomba msaada.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli. Lakini hata samaki mbichi ukimkunja kwa pupa anapasuka. Nidhamu tunaitaka, na tunaitaka sana: mtoto awahi, aheshimu, afanye kazi. Tunachosema ni kwamba kabla ya adhabu liwepo swali, na mwenye kuuliza awe anajua kusikiliza jibu.

Tunachoomba kufanya

Tumekaa na wakuu wa shule zote nne na maafisa elimu kata, tukakubaliana mambo matano kwa mwaka mmoja wa kuanzia.

La kwanza ni mafunzo. Kila shule itatoa walimu wawili, mmoja wa kiume na mmoja wa kike, pamoja na mkuu wa shule. Jumla watu 12, siku tano, wakati wa likizo, wakifundishwa na wawezeshaji wawili wenye taaluma ya saikolojia na ushauri. Nauli, malazi na chakula ni Sh. 60,000 kwa mtu kwa siku, yaani Sh. 3,600,000. Wawezeshaji na vifaa, Sh. 1,400,000. Jumla Sh. 5,000,000.

La pili ni chumba. Kila shule ina stoo au ofisi ndogo inayoweza kukarabatiwa: mlango unaofungika, dirisha lenye pazia, viti vitatu, kabati lenye kufuli la kutunzia kumbukumbu. Sh. 1,250,000 kwa shule, jumla Sh. 5,000,000. Ukutani tutaandika namba 116, simu ya bure ya kusaidia watoto, ili hata anayemwogopa mwalimu awe na pa kupiga.

La tatu ni mfuko wa dharura. Mwalimu akishasikia kwamba mtoto hajala tangu jana, hawezi kumjibu kwa nasaha peke yake. Kila shule itakuwa na Sh. 1,000,000 kwa mwaka kwa ajili ya unga, nauli ya hospitali, taulo za kike, mafuta ya taa. Jumla Sh. 4,000,000. Fedha zitatolewa kwa saini za watu watatu: mkuu wa shule, mwalimu wa unasihi na mjumbe wa bodi ya shule. Hesabu italetwa kwetu kila muhula, bila majina ya watoto.

La nne ni walezi wa mageto. Tumeomba kila shule ipate walezi wawili, akina mama au wazee wanaoaminika kijijini, watakaopita kwenye vyumba vya wanafunzi mara mbili kwa wiki: wamekula, wapo salama, nani anaingia na kutoka. Watapewa Sh. 20,000 kwa mwezi kwa nauli na vocha. Kwa walezi wanane na miezi kumi ya masomo ni Sh. 1,600,000. Walezi hao watachaguliwa mbele ya mkutano wa wazazi, ili asijipenyeze mtu asiyefaa kuwa karibu na watoto.

La tano ni ufuatiliaji. Kamati itakwenda mara mbili kwa mwaka, Sh. 700,000 kila safari, jumla Sh. 1,400,000. Tutaangalia mahudhurio, waliorudi shule, na tutawauliza watoto wenyewe. Kama halifai, tutarudi hapa tuwaambie halifai.

Jumla yote ni Sh. 17,000,000. Mwaka 2021, kwa fedha za UVIKO-19, serikali ilijenga madarasa kwa Sh. milioni 20 kila moja. Kwa hiyo tunaomba chini ya darasa moja, ili watoto wa shule nne waweze kukaa katika madarasa tuliyokwisha kuyajenga.

Vijana wetu wa vyuo vikuu, ninyi hatuwaombi fedha. Tunaomba wiki mbili za likizo zenu. Rudini nyumbani, mkae na wadogo zenu katika vikundi, muwaeleze jinsi mlivyohangaika na Kiingereza cha Kidato cha Kwanza mkavuka. Walimu watakaokuwa wamefunzwa watawaongoza. Mtoto anamwamini zaidi aliyepita njia ile ile juzi.

Lisilohitaji harambee

Lipo jambo moja ambalo halina bei. Sisi tulioacha watoto nyumbani, tubadilishe simu zetu. Kabla ya kuuliza umekuwa wa ngapi, tuulize umekula nini, umelala wapi, rafiki yako ni nani, nani anakusumbua. Mtoto akinyamaza, tusikate. Tukienda nyumbani Desemba, tusiishie kwenye vikao vya ukoo na kugawana viwanja. Tutenge jioni moja tukae na watoto, wao waseme, sisi tusikilize.

Mwaka 1945 wazee wetu walishuka Same kwa maelfu kupinga kodi ya mbiru, wakakaa pale bila kuondoka mpaka mkoloni akajua kwamba watu hawa wana jambo. Walitaka kusikilizwa. Wajukuu wao leo nao wana jambo, ila hawawezi kuandamana. Wanalala darasani, wanatoroka, wanapigana, wananyamaza. Hivyo ndivyo wanavyolisema.

Yule mdogo wake kijana tuliyemfuta sasa yupo Kidato cha Pili. Safari hii jina lake limo kwenye orodha, na mmoja wetu humpigia simu kila Jumapili jioni. Muhula uliopita alishuka kwa nafasi nyingi darasani. Hatukumfuta. Tulimuuliza, akatuambia bibi amelazwa. Tukatuma nauli, jirani akakaa na mdogo wake, naye akarudi darasani baada ya siku sita. Hakuna miujiza hapo. Kuna mtu aliyeuliza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ndugu zetu, karatasi za ahadi ziko mezani kwenu. Chumba kimoja kinaweza kubebwa na ukoo mmoja. Mlezi mmoja anaweza kubebwa na kikundi cha akina mama kwa mwaka mzima kwa Sh. 200,000. Mwenye kidogo alete kidogo, kwani haba na haba hujaza kibaba. Mwenye kuahidi akumbuke kwamba ahadi ni deni, na wanaomdai ni watoto.

 Mungu awabariki ninyi, aibariki Upare, aibariki Tanzania.